Kiu, Jasho na Chumvi: Mwanamichezo Anywe Nini, na Kiasi Gani?

Ilikuwa dakika moja kabla ya saa sita za usiku, tarehe 27 Septemba, 2019, wakati wanawake 68 walipoanza mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Doha, nchini Qatar. Mbio hizo zilipangwa usiku wa manane kwa sababu jua la mchana la nchi hiyo lisingevumilika. Hata hivyo kipimajoto kilionyesha zaidi ya nyuzi 32 za Sentigredi, na unyevu wa hewa ulizidi asilimia 70. Waliofika mwisho walikuwa 40. Wengine 28 waliachia njiani, baadhi yao wakiwa hawawezi hata kusimama. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43, muda ambao kwa mkimbiaji wa daraja lake ni wa polepole mno.

Mtu akisikia habari hiyo atadhani mara moja kwamba wakimbiaji hao walikosa maji. Sivyo. Vinywaji vilikuwapo kando ya njia, na hakuna aliyezuiwa kunywa. Walichokosa ni hewa ya kuyapokea majasho yao. Tofauti kati ya mambo hayo mawili, yaani kukosa maji na kushindwa kupoa, ndiyo isiyoeleweka vema katika viwanja vingi vya michezo, na kutoieleweka kwake kumeshagharimu maisha ya watu.

Misuli ya binadamu ni mtambo wenye hasara kubwa. Katika kila sehemu tano za nishati inayotumika, karibu sehemu moja tu hugeuka kuwa mwendo. Nne zilizobaki huwa joto. Hesabu ndogo yaweza kufanywa ubaoni. Mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 50 akikimbia kilometa 10 hutumia nishati ya kilojuli 2,100 hivi, na kati ya hizo kilojuli 1,680 huwa joto. Ili kupandisha joto la kilo moja ya mwili kwa nyuzi moja, zahitajika kilojuli 3.5 hivi. Basi kama joto lile lote lingebaki ndani, mwili wa kijana huyo ungepanda kwa nyuzi 9.6, kutoka 37 hadi 46 na ushei. Hakuna binadamu awezaye kufika huko. Angekufa mapema zaidi.

Kinachomwokoa ni jasho. Kila gramu ya jasho inapogeuka mvuke juu ya ngozi huchukua kilojuli 2.4 za joto na kuondoka nazo. Gramu 700, yaani chupa moja ya maji na kidogo zaidi, zatosha kuondoa joto lote la safari ile ya kilometa 10. Lakini sharti ligeuke mvuke. Tone linalodondoka kutoka kidevuni hadi mchangani limepotea bure: limeupunguzia mwili maji bila kuupoza. Wazee waliohifadhi maji katika mtungi wa udongo waliijua kanuni hii bila kusoma fizikia. Maji hupenya polepole katika vitundu vidogo vya udongo, yakawa mvuke upande wa nje, na yale yaliyobaki ndani yakapoa. Mtungi huohuo hupoza vizuri zaidi Dodoma, penye hewa kavu, kuliko Tanga au Unguja wakati wa kaskazi. Mwanamichezo naye ni mtungi. Katika hewa iliyojaa unyevu atatoka jasho jingi zaidi na kupoa kidogo zaidi, na hata akinywa pipa zima hatajitoa katika hali hiyo. Dawa yake ni kupunguza mwendo, kutafuta kivuli na upepo, au kuahirisha mchezo mpaka jioni.

Hata hivyo maji yanayotoka lazima yarudishwe kwa wakati wake. Jasho hutokana na majimaji ya damu na yale yanayozunguka seli. Yakipungua sana, damu nayo hupungua wingi. Moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kulisha misuli na ngozi kwa pamoja, na joto la ndani hupanda. Swali lililowagawa wataalamu kwa zaidi ya nusu karne si kama mwanamichezo anywe, bali anywe kiasi gani na nani amwamulie.

Mwili wenyewe una jibu lake, nalo limo katika chumvi. Lita moja ya majimaji ya damu ina milimoli 140 hivi za sodiamu, sawa na gramu 3.2. Jasho lina sodiamu pia, lakini kidogo zaidi: kwa watu wengi ni kati ya gramu 0.5 na 1.8 kwa lita. Kwa kuwa maji hutoka kwa wingi kuliko chumvi, damu inayobaki huzidi kukolea. Chini ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, zimo seli zinazohisi mabadiliko hayo kwa usahihi wa ajabu. Ukolezi ukipanda kwa asilimia moja au mbili tu, mtu huanza kuona kiu. Tena homoni iitwayo vasopresini humwagwa katika damu, nayo huziamuru figo zisiachie maji. Mkojo hupungua na kuwa wa rangi ya manjano iliyokolea. Kwa maneno mengine, kiu ni kipimo cha kemia, nacho ni cha kale kuliko maabara zote.

Ajabu ni kwamba kipimo hiki kimedharauliwa na pande mbili zinazopingana.

Upande wa kwanza ni wa wale walioamini kwamba kunywa ni udhaifu. Kwa miaka mingi wakimbiaji wa masafa marefu walifundishwa kuvumilia kiu, na wapo waliojivunia kumaliza marathoni bila kugusa maji. Imani hiyo haijafa. Bado yuko mwalimu wa michezo anayewafukuza wanafunzi bombani wakati wa mapumziko, akisema kwamba maji yatawaletea kichomi au yatawatia uvivu. Ni kweli kwamba tumbo lililojazwa kwa mkupuo huleta kichomi kwa baadhi ya watu. Lakini mafundo machache ya maji kila baada ya muda hayana dhara hilo, na kumnyima maji kijana anayecheza saa nane za mchana si nidhamu bali ni ukatili usiokusudiwa. Mwaka 1969 watafiti wawili wa Afrika Kusini, Wyndham na Strydom, walichapisha makala iliyoonya juu ya hatari ya kunywa kidogo mno katika marathoni, na makala hiyo ilisaidia kubadili desturi duniani.

Upande wa pili ulianza kwa nia njema vilevile. Mwaka 1965 daktari wa figo Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walitengeneza kinywaji cha maji, sukari na chumvi kwa ajili ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani, waliokuwa wakipoteza jasho jingi katika joto la jimbo hilo. Kinywaji hicho, kilichopewa jina la Gatorade, kikazaa biashara kubwa, na biashara ikazaa mahubiri: kunywa kabla ya kiu, kunywa kadiri uwezavyo, usingoje. Mwaka 1996 hata chama kikuu cha madaktari wa michezo cha Marekani kilishauri wanamichezo warudishe maji yote wanayopoteza kwa jasho, au kadiri tumbo litakavyostahimili, na kikataja kiasi cha mililita 600 hadi 1,200 kwa saa.

Dalili za hatari zilikuwa zimekwisha kuonekana. Mwaka 1981, katika mbio za Comrades za Afrika Kusini, ambazo ni za kilometa 90 hivi kati ya Durban na Pietermaritzburg, mkimbiaji mmoja mwanamke alipoteza fahamu ingawa alikuwa amekunywa maji mengi njiani. Mwaka 1985 Timothy Noakes na wenzake walieleza habari za wagonjwa wanne wa namna hiyo. Hawakuwa wamekauka. Walikuwa wamezidiwa na maji, na sodiamu katika damu yao ilikuwa imeshuka mno.

Mwanafunzi aliyewahi kuweka kipande cha kiazi ndani ya maji matupu darasani anaweza kueleza mwenyewe kilichotokea. Maji hupenya utando wa seli kuelekea upande uliokolea zaidi, na kiazi huvimba. Mtu akinywa maji mengi kuliko yale yanayotoka, damu huzimuka, na maji huingia katika seli za mwili. Mguu ukivimba si neno. Lakini ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauna nafasi ya kuvimbia. Kwanza huja kichwa kuuma, kisha kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, na mwisho kifo. Figo zilizotulia zaweza kutoa karibu lita moja ya maji kwa saa, lakini wakati wa mazoezi mazito vasopresini huendelea kuzizuia hata pale ambapo maji yamezidi, na ndiyo sababu mkimbiaji yumo hatarini kuliko mtu aliyeketi nyumbani.

Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliofika mwisho. Asilimia 13 kati yao walikuwa na sodiamu isiyozidi milimoli 135 kwa lita, yaani chini ya kiwango salama, na watatu walikuwa wameshuka hadi 120 au chini ya hapo, hali inayoweza kuua. Mkimbiaji mmoja alifariki kwa sababu hiyo katika mbio hizohizo. Ishara iliyowatambulisha zaidi walioathirika ilikuwa nyepesi sana: walimaliza wakiwa na uzito mkubwa kuliko waliokuwa nao mwanzoni. Waliokaa njiani muda mrefu, wakikimbia polepole na kusimama katika kila meza, ndio waliokuwa hatarini zaidi. Wale wa mbele hawana nafasi ya kunywa kupita kiasi. Mwaka 2007 chama kilekile cha madaktari wa Marekani kilibadili ushauri wake, kikionya wazi dhidi ya kunywa hadi uzito ukaongezeka. Mwaka 2015 wataalamu wa nchi mbalimbali waliokutana Carlsbad, California, walikwenda mbali zaidi wakashauri wanamichezo wanywe wanapoona kiu.

Wakimbiaji wa Afrika Mashariki hawakuhitaji mkutano huo. Watafiti wa Kenya na Uingereza, miongoni mwao Vincent Onywera na Yannis Pitsiladis, waliwapima wakimbiaji wa Kenya wa daraja la juu wakiwa kambini, na mwaka 2008 ikachapishwa taarifa kwamba vijana hao walikunywa kwa hiari yao tu, hasa maji na chai ya maziwa, wala hawakubeba chupa mazoezini. Hata hivyo miili yao ilikuwa na maji ya kutosha siku hadi siku. Naye Haile Gebrselassie wa Ethiopia alishinda marathoni ya Dubai ya mwaka 2009 kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 29 huku akiwa amepoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake. Huyo asifanywe kielelezo cha wanafunzi, kwani mwili wake ulizoezwa kwa miaka mingi. Kisa chake chaonyesha tu kwamba ile hofu ya kupungua kidogo kwa uzito ilitiwa chumvi.

Yafaa pia kukiri kwamba kiu ina mipaka yake. Watoto wakizama mchezoni huisahau. Wazee huihisi kwa kuchelewa. Mchezaji aliyetoka jasho jingi jana na asijirudishie vema huanza siku ya leo akiwa na deni. Kwa hiyo wajibu wa mwalimu ni kuhakikisha kwamba maji safi yapo karibu na kwamba mapumziko yatolewa, kisha amwachie kila kijana anywe kadiri ya haja yake. Maji safi ni yale yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Haina faida kumkinga mtoto na jua kisha kumpa kipindupindu au homa ya matumbo kwa kikombe kimoja kinachozungushwa timu nzima.

Sasa, anywe nini? Kwa mazoezi yasiyozidi saa moja, maji matupu yatosha. Mpira wa pete, wavu, mazoezi ya viungo na mbio za uwanjani hazihitaji zaidi ya hapo, na fedha ya mzazi inayonunua chupa ya rangi ya bluu au ya machungwa kwa ajili ya shughuli kama hizo imetupwa.

Mambo hubadilika shughuli inapozidi saa moja na nusu hivi, kama katika mbio ndefu za nyika au siku nzima ya mashindano. Hapo misuli huhitaji sukari, na chumvi iliyotoka yahitaji kurudi. Tena sukari na chumvi zikiwa pamoja husaidia maji yenyewe kuingia mwilini. Mwaka 1960, mjini Prague, Robert Crane alieleza wazo lake kwamba katika ukuta wa utumbo mwembamba glukosi na sodiamu hubebwa pamoja, na sasa yajulikana kwamba maji huzifuata. Ugunduzi huo ndio msingi wa dawa ya maji ya chumvi na sukari inayotolewa katika zahanati kwa watoto wanaoharisha, ambayo imeokoa mamilioni ya watu. Kwa hiyo kinywaji cha mwanamichezo ni ndugu wa mbali wa pakiti ile ya zahanati, isipokuwa kina sukari zaidi na chumvi kidogo.

Chaweza kutengenezwa jikoni shuleni. Katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa hutiwa vijiko 10 vya chai vya sukari, visivyojazwa kilele, na robo ya kijiko cha chai cha chumvi, kisha hukamuliwa ndimu kwa ajili ya ladha. Hiyo ni gramu 40 hivi za sukari na gramu moja na nusu ya chumvi, kiasi kinachokaribiana na vile vya dukani. Chumvi isizidishwe kwa kudhani kwamba itafaa zaidi. Maji yenye chumvi nyingi huongeza kiu na hutapisha.

Soda ina gramu 100 hivi za sukari katika kila lita. Ukolezi huo huyachelewesha maji tumboni, na ndiyo sababu mchezaji aliyekunywa soda wakati wa mapumziko hulalamika kwamba tumbo lachezacheza. Madafu ni kinywaji bora na cha asili, yenye potasiamu nyingi. Lakini sodiamu yake ni haba, wakati ambapo jasho hupoteza sodiamu hasa. Anywaye madafu baada ya mbio na ale pamoja nayo chakula chenye chumvi. Chai haikaushi mwili kama inavyosemwa, kwani kafeini iliyomo kikombeni ni ndogo na maji yake ni mengi.

Vinywaji vya makopo vinavyotangazwa kuwa vya kuongeza nguvu ni jambo jingine kabisa, nalo lahitaji onyo. Kopo dogo la mililita 250 kwa kawaida lina miligramu 80 hivi za kafeini na gramu 27 hivi za sukari. Havikutungwa kwa ajili ya kiu. Kijana anayekunywa makopo mawili au matatu kwa mfululizo kabla ya mechi, tena juani, anauongezea mapigo moyo ambao tayari unapigana na joto. Wanafunzi wengi hudhani ni aina moja na vinywaji vya michezo kwa kuwa vimepangwa katika jokofu moja la duka.

Kwa wanafunzi wanaofunga Ramadhani, mazoezi mepesi yaweza kufanywa karibu na magharibi, ili kiu isikae muda mrefu. Uji, tende na maji ya futari hurudisha maji, sukari na chumvi kwa pamoja. Mbio za mchana ziahirishwe.

Mwanafunzi akianguka uwanjani, lililo muhimu ni kutofautisha. Aliye na mwili wa moto, anayeropoka au kuyumba, amezidiwa na joto: apelekwe kivulini, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji baridi mwili mzima na kupepewa bila kukoma, wakati gari la kumpeleka hospitali linatafutwa. Asilazimishwe kunywa, maana aliyechanganyikiwa hupaliwa. Lakini ikiwa amekuwa akinywa maji kwa wingi, naye analalamika kichwa, anatapika na amevimba vidole, basi kumwongezea maji ni kummalizia. Huyo ahitaji hospitali haraka, na waganga waelezwe wazi kwamba alikunywa maji mengi.

Kwa shule yenye mizani, lipo zoezi linalofundisha kuliko makala yoyote. Kila mwanafunzi apimwe kabla ya saa moja ya mazoezi na baada yake, na maji anayokunywa yapimwe pia kwa chupa. Aliyeanza na kilo 52.0 akamaliza na 51.2, naye akanywa mililita 300, alitoka jasho la lita 1.1 hivi. Yule wa pembeni yake, aliyekimbia mwendo uleule, huenda akawa na nusu ya kiasi hicho, na hapo darasa litaona kwa nini kiasi kimoja kilichoandikwa kitabuni hakiwezi kuwafaa wote. Atakayemaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza amekunywa kupita haja. Zoezi lirudiwe Julai na tena Februari, na matokeo yachorwe kwa grafu. Wanafunzi wajifute vizuri kwanza, na wapimwe mara zote mbili wakiwa na nguo kavu, kwani jezi iliyolowa yaweza kubeba gramu mia kadhaa za jasho na kuharibu hesabu yote.